Kaka Anaosha Wazee wa Watu

6 Februari

Wifi yangu,

Nakusalimu wewe na huyo mumeo, kama bado anapokea salamu za watu wa kawaida. Huku tupo. Cherehani yangu inazunguka, sare za shule zimejaa hadi kwenye kochi, paka amezaa tena chini ya kabati, na paa la jikoni tumeliziba. Mama naye yupo, ila yupo wa kulala. Tangu alipoanguka bafuni hajasimama, na macho ndiyo yamekwisha kabisa. Anaona mwanga wa dirisha tu. Mtu akipita anaona kama nguo imepita.

Sasa nikwambie kilichonikalisha, maana unajua mimi na kalamu hatuelewani. Jumapili iliyopita mzee wa kanisa alibandika picha mpya za kituo chenu cha wazee ubaoni, pale mlangoni ambapo kila mtu lazima apite. Kaka amepiga magoti, ameshika mguu wa babu mmoja aliyekonda, beseni mbele yake, taulo begani. Chini wameandika: "Kila Ijumaa mtumishi wetu huwaosha miguu wazee waliotupwa na watoto wao." Wifi, nilisoma, nikarudia. Waliotupwa na watoto wao. Halafu nikarudi nyumbani kumgeuza mama yake, nikamfuta mavi mgongoni, nikakuta kidonda cha kiunoni kimefunguka tena, ukubwa wa kisahani cha chai. Nilitapika, sikufichi. Wala si kwa kidonda, kidonda nimekizoea. Nilitapika kwa yale maandishi.

Siku nyingine nikapita tena pale kanisani nikaitazama ile picha vizuri. Taulo kavu. Shati limepigwa pasi, mikono ya shati imekunjwa kwa mpango kama ya muuza vitambaa. Mimi nikimwogesha mama nalowa hadi chupi. Nikajiuliza, huyu anaosha vipi asilowe?

Lakini si hilo. Mzee wa kanisa alipokuja kumwombea mama, alimsomea kitandani ripoti mnayoliletea kanisa. Mama akacheka mpaka nikaogopa. Akasema, "Kumbe mwanangu siku hizi anaosha watu. Basi na mimi ataniosha. Mara moja tu, nitatosheka." Tangu siku hiyo kila asubuhi, kabla ya uji, swali ni moja: "Mwanangu ameshafika?"

Mwambie mumeo aje amwoshe mama yake mara moja kabla hajafa. Sina ombi jingine. Nakuandikia wewe kwa sababu nikimpigia simu ananiombea, anasema amina, anakata.

Wifi yako, ninayenuka sabuni ya dawa


11 Machi

Wifi yangu wa pekee,

Bwana asifiwe. Barua yako ilikaa sana njiani, imefika imelowa pembe moja, lakini yote inasomeka. Tumefurahi kusikia sauti yako ndani yake. Poleni sana kwa mama. Hongera kwa paka. Sisi ni wazima, isipokuwa mimi vidole vimenichubuka kwa maji na sabuni, na kaka yako alikuwa na mafua.

Umefanya vizuri kuandika. Simu ya kituo iko ofisini, juu ya meza yake, na mle ofisini hakuna mahali pa mtu kuongea peke yake.

Nikwambie maisha yetu. Naamka giza halijatoka, nachochea moto, naweka sufuria mbili za maji. Naanza upande wa akina bibi kwa sababu wao huamka mapema na hawapendi kungoja. Kisha upande wa akina babu. Kuna mmoja tunamwita Fundi Saa, alitengeneza saa maisha yake yote, sasa mikono inamtetemeka hata kijiko hakifiki mdomoni. Huyo namwacha wa mwisho ili nikae naye. Baada ya kuogesha, mashuka. Baada ya mashuka, uji. Baada ya uji, mashuka tena. Kaka yako ana mzigo mkubwa: ibada, ripoti, wageni, picha. Watu hawajui ripoti inavyochosha.

Kidonda cha mama usikifunike kikilowa. Kioshe kwa maji yaliyochemshwa na chumvi, yapoe kwanza, kisha ukikaushe kwa kitambaa safi, ukigonga tu bila kusugua. Mgeuze mara kwa mara, usimwache alalie upande mmoja hadi umalize kushona sare nzima. Weka mto kati ya magoti na mwingine mdogo chini ya visigino, visiguse godoro. Kwa harufu, weka makaa yasiyo na moto kwenye sahani chini ya kitanda, uyabadilishe. Yanafyonza.

Kuhusu safari, kazi hapa ni nyingi na wageni wanatarajiwa. Tuombe.

Msalimie mama. Mwambie mkwe wake anamkumbuka sana.

Wifi yako


2 Aprili

Wifi,

Salamu. Tuombe nini? Nimekuuliza swali, umenijibu dawa ya kidonda. Dawa imefaa, asante, sasa kidonda ni chekundu badala ya kijani, na yale makaa ni kweli yanafyonza. Lakini sikuuliza hilo. Na wewe si mjinga, unajua sikuuliza hilo. Umeniandikia ukurasa mzima kuhusu kuogesha wazee, na humo ndani mumeo hajashika hata sabuni.

Habari za huku: watoto wa paka wamegawiwa, amebaki mmoja mwenye jicho bovu. Mimi mgongo unaniuma. Mama anauliza.

Sasa sikiliza kichekesho, kama utaweza kucheka. Kamati ya akina mama wa kanisa imepita nyumba hadi nyumba kukusanya mashuka ya wazee wenu. Ile picha imewaliza watu. Walikuja hapa mimi nikiwa nimekwenda kupeleka sare, wakamkuta mama na jirani tu. Wanasema walitaka kumsalimia tu. Mama aliposikia ni kwa ajili ya wazee wa mwanawe, akawaonyesha sanduku. Kwa kidole, asivyoona, akalionyesha. Akawaambia wachukue yale mashuka mapya, yale meupe aliyodarizi kingo kwa uzi wa bluu kabla macho hayajakwisha, ambayo mimi nilikuwa nayatunza kwa siku ya msiba wake, tuseme ukweli, maana nani hatunzi. Wakachukua. Wakamwombea. Wakaondoka na mashuka ya mgonjwa aliyelala kwenye shuka lenye tobo.

Niliwafuata hadi kanisani. Yalikuwa yameshafungwa kwenye marobota. Mwenyekiti wa kamati akaniambia kwa upole, ule upole wao wa mafuta, "Dada, usimzuilie mama baraka zake." Wifi, niliona kinyaa mdomoni kama mtu aliyelamba sahani ya mtu mwingine. Watu wamesimama juu ya kichwa cha mama mwenye kidonda, wakamvua mashuka wakawapelekea wenye vidonda wa mbali, na hakuna hata mmoja aliyeinua blanketi kuangalia.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ndiyo nyinyi hao. Samahani, wewe ni wifi yangu nakupenda, lakini ndiyo nyinyi.

Anakuja au haji? Niandikie neno moja.

Wifi yako


19 Mei

Wifi,

Nilianza barua hii mara nyingi nikaichana. Zile nilizochana zilianza na Bwana asifiwe. Hii ngoja ianze bila.

Mashuka yalifika. Niliyatambua kabla sijalifungua robota lote. Ule uzi wa bluu naujua, mama aliwahi kunifundisha mshono ule nilipokuwa bi harusi, nikashindwa. Nikayakumbatia hapo stoo nikalia. Nikataka kuyatandika kwa bibi mmoja ambaye ngozi yake imekuwa kama karatasi ya sigara. Kaka yako akaingia, akayashika kingo kwa ncha za vidole, akasema ni mazuri mno kwa wazee, watayaharibu. Yametandikwa chumba cha wageni. Wafadhili wamelalia juu yake siku zote walizokaa. Mmoja alimwaga chai.

Umesema kaka yako hajashika sabuni. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi kata nimechoka. Kaka yako haoshi, wifi. Hajaosha hata mtu mmoja tangu tulipofika. Ijumaa naosha mimi mapema, wazee wote, nakausha, napaka mafuta kati ya vidole. Ndipo anakuja na taulo, mwenye kamera anasimama, anashika mguu mmoja ambao umeshakuwa safi kuliko wake. Picha ikishapigwa anakwenda ofisini kunawa kwa spiriti. Nasikia mlango, nasikia chupa. Nimekuwa nikiambiwa nisiseme, na nikajiambia kazi inafanyika, wazee wanaoshwa, inadhuru nini?

Wiki ya wageni nimeona inadhuru nini. Walitaka kuona kwa macho yao. Kaka yako akamchagua Fundi Saa kwa sababu ana uso mzuri. Alipoinua mguu wake, mzee akajichafua. Alikuwa anaharisha tangu asubuhi, nilimwambia kaka yako, akasema haitachukua muda. Ikateremka kwenye paja, ikafika kwenye kifundo, ikamgusa mkono. Wifi, ungeona alivyomtazama yule mzee. Niliwahi kuona mtu akitazamwa vile mara moja, ni mwizi aliyekamatwa sokoni. Aliuachia mguu ukaanguka ndani ya beseni, akatoka akatapika nyuma ya jiko. Na Fundi Saa akabaki amekaa mbele ya wageni wenye viatu vizuri, suruali imekunjwa, akaanza kulia. Alilia akiwa ameziba macho kwa mikono yake inayotetemeka. Mimi nilimwinua, nikampeleka, nikamsafisha. Aliniambia neno moja tu: "Nifungie mlango, mwanangu."

Kesho yake nikasoma ripoti kabla haijatumwa, kwa sababu mimi ndiye huipiga chapa. Iliandikwa: "Mzee mmoja alipooshwa miguu, aliguswa moyoni mbele ya wageni akalia machozi ya toba." Nimeipiga chapa. Mkono wangu mwenyewe umeandika hayo, na mkono wenyewe ulikuwa umetoka kumfuta.

Usidhani mimi sina kinyaa. Kila siku najipaka mafuta ya nywele chini ya pua nipate kuingia upande wa akina babu. Kuna siku nashika pumzi hadi naona nyota. Lakini wale wazee huniita kwa jina, na wao wanajua nimeshika pumzi, na hatusemi. Ninachokiona kinyaa siku hizi ni chupa ya spiriti. Nikisikia harufu yake shingoni mwa kaka yako, nageukia ukutani.

Fundi Saa amehamishiwa chumba cha nyuma ili asionekane na wageni. Chakula hali tena vizuri.

Neno moja uliloomba: haji. Nilimwuliza. Alisema angependa sana, lakini hawezi kuacha kundi. Sikujua nikuandikie vipi.

Wifi yako


14 Juni

Wifi yangu, pole.

Nimesoma barua yako nimekaa nje kwenye ngazi, kwa sababu nilikuwa natukana na sikutaka mama asikie. Mficha uchi hazai, umefanya vyema kusema. Nisamehe nilivyokuchanganya na lile robota la kamati.

Huku si kwema sana. Mama hali vizuri na yeye. Muuguzi wa zahanati alipita, akaniambia nisimlazimishe kula, ambalo ni neno la kunitayarisha, nimelielewa. Kidonda hakinuki tena, lakini kingine kimeanza begani. Ngozi tu inaachia, basi.

Nikwambie kitu kuhusu mumeo. Nikimkasirikia ni mumeo, nikimhurumia ni kaka yangu. Leo ni wote wawili. Mtaani tulimwita Bwana Usafi. Nzi akitua kwenye sahani yake, chakula chote kinakwenda kwa kuku. Baba alipougua ule ugonjwa wa kutapika, mimi nilikuwa bado sijaota hata matiti, nikawa ndiye wa ndoo. Yeye alihamia kwa jirani hadi baba akazikwa, na siku ya mazishi akaja amevaa vizuri kuliko watu wote, akasoma neno, watu wakasema huyu mtoto ana kipawa. Nilimwangalia nikiwa na ndoo mkononi. Sasa naona hajatoka pale. Amebadilisha nguo tu.

Na jambo lenyewe la kuchekesha, kama Mungu anacheka, ni kwamba mtu asiyeweza kushika mwili wa binadamu amekwenda kutafuta kazi ya kushika miili ya binadamu, mbali kabisa, kwa watu wasiomjua. Nyumbani tungemjua.

Lakini wifi, mama anauliza. Jana aliniambia nimkate kucha za miguu, "asije akaona aibu nazo." Hayo nayasikia kila siku na sindano mdomoni. Sitaki uje wewe badala yake. Najua utataka. Ukija wewe yeye atakuwa ameponyoka. Aje yeye. Hata akitapika, atapikie hapa.

Wifi yako


9 Julai

Wifi,

Anakuja.

Sina salamu nyingi, gari la misheni linaondoka sasa hivi na dereva ananipigia honi. Nimefanya kitu ambacho sikujua ninaweza. Tulikuwa mezani wiki iliyopita, akaniambia wageni wengine watakuja Ijumaa ijayo. Nikamwambia vizuri, na Ijumaa hiyo mimi sitaosha mtu mapema. Nitakupa beseni mbele yao, utaanza na Fundi Saa, na asubuhi nitakuwa nimempa maziwa, na maziwa humharisha. Akanitazama. Nikamwambia, au uende ukamwoshe mama yako, uchague.

Wifi, alikuwa mweupe kama ukuta. Nikamwonea huruma, halafu nikakumbuka "machozi ya toba", ikaniishia.

Ameshawaandikia kanisa huko. Tayari imekuwa ziara ya kitume, kutakuwa na ibada ya shukrani, na mzee wa kanisa ameombwa aje na kamera. Haya ni yao. Wewe mtayarishe mama.

Fundi Saa amefariki Jumatatu. Nilimwosha mara ya mwisho nikiwa peke yangu. Mlango niliufunga.

Wifi yako


17 Agosti

Wifi yangu,

Barua hii anakuletea mwenyewe, mfukoni mwa koti. Nimeifunga kwa gundi ya viatu, na nimemwambia ni vipimo vya gauni lako. Ataamini, hana hamu ya kujua vitu vyetu.

Sisi tumebaki wazima, kama inavyosemwa. Mama yupo bado. Nitakueleza yote kama yalivyokuwa, usije ukaeleweshwa vingine.

Alifika Jumamosi mchana na mzee wa kanisa, na kamera. Mzee wa kanisa nilimkalisha sebuleni nikampa chai ya moto sana ili akawie nayo, nikamwambia akiinuka na hiyo kamera namshonea mdomo. Alicheka, lakini hakuinuka. Kaka alisimama kwenye mlango wa mama. Chumba kilikuwa safi, wifi, nakuapia. Nilikuwa nimemgeuza mama, nimebadilisha makaa, nimefungua dirisha. Alisimama na leso. Mama alikuwa amelala hivi, uso ukutani. Nilitaka kumwambia mama nani amekuja, kaka akanifanyia ishara ya mkono, ninyamaze. Nikadhani anataka kumshangaza. Nikajisikia vizuri, mjinga mimi, nikaweka beseni la maji ya vuguvugu, sabuni na taulo. Nikarudi nyuma hadi mlangoni.

Akafungua begi lake akatoa glavu. Zile za hospitali. Akavaa. Kisha akatoa nyingine, akavaa juu ya zile.

Akaanza na miguu. Alikuwa anafuta kwa haraka, kitambaa kwenye ncha za vidole, uso ameugeuzia dirishani. Mama akashtuka kidogo kwa ule mpira. Akanyoosha mkono, akaupapasa mkono wa kaka, vidole, kifundo, mpaka ukingo wa glavu. Akaushika hapo kwa muda. Kisha akauachia, akasema, kwa ile sauti yake ya adabu anayoiweka kwa wageni:

"Daktari, mwanangu ameshafika?"

Wifi, mimi nilikuwa pale. Nilikuwa na taulo mkononi. Nilingoja. Ilikuwa ni kusema "ni mimi, mama", maneno matatu, hata mtoto anayejifunza kusema anayaweza. Kaka alitazama kitambaa, akatazama beseni.

"Bado, mama," akasema. "Yuko njiani."

"Basi maliza haraka, daktari," mama akamwambia. "Huyo mtoto ana kinyaa tangu mdogo. Sitaki anikute hivi."

Akamaliza haraka. Alifuta miguu tu, mgongo hakuugusa. Alitupa glavu ndani ya beseni la mama, zikaelea, akatoka. Sebuleni nilimsikia akimwambia mzee wa kanisa kwamba mama amechoka, picha haitafaa. Nilipitia mlango wa nyuma nikatapika kwenye maua. Nilitapika mpaka hakuna kitu. Sijawahi kuchukia mtu hivyo, na ni damu yangu. Kisha nikarudi, nikatoa zile glavu kwa mkono, nikamwaga maji, nikachukua mengine, nikamwosha mama kuanzia mwanzo.

Jumapili alihubiri. Wanasema kanisa zima lililia. Sikwenda.

Lakini kuna jambo nataka ulijue, na ndilo limenifanya niandike badala ya kulala. Mama anaongea. Anauliza habari za paka, anauliza kama nimemaliza sare, jana aliuliza habari zako. Tangu Jumamosi ile hajauliza hata siku moja kama mwanawe ameshafika.

Wifi yako


29 Agosti

Wifi,

Amefika juzi. Alinipa barua yako kwa mkono wake mwenyewe, akasema, "Vipimo vyako." Niliisomea stoo, juu ya marobota.

Nakuja. Najua ulinikataza nisije badala yake, lakini sasa amekwisha kuja, kwa hiyo sichukui nafasi ya mtu. Wazee nimewakabidhi kwa mpishi na dada yake, ambao wamenisaidia mwezi mzima wa Agosti na wanajua kila mmoja analala upande gani. Ripoti ataandika mwenyewe. Nimeyavua mashuka ya mama kitandani kwa wageni, nimeyafua, yako ndani ya begi langu. Sikuomba ruhusa.

Kama mama bado anapenda maji ya moto kuliko ya vuguvugu, nichemshie nikija, nitamwosha mimi na wewe ulale. Ulale siku nzima, cherehani ifunikwe. Kama nitakuta ameshakwenda, tutamwosha pamoja, wewe na mimi, na hakuna mwingine atakayeingia chumbani.

Jana jioni nilimkuta bafuni, maji yanatiririka, ananawa. Alikuwa ameshanawa alipoingia, na baada ya kula. Viganja vilikuwa vyekundu. Nilisimama nyuma yake na begi langu limeshafungwa, yeye ananiona kwenye kioo. Sikutaka kugombana. Nilimwuliza swali moja tu, ambalo watu wote humwuliza mtu aliyetoka kumwona mzazi asiyeona.

"Mama alikutambua?"

Hakufunga bomba. Alisugua kati ya vidole, kimoja kimoja.

"Alinitambua," akasema.

Wifi, huyu mtu amenidanganya mengi, na mengine nimeyapiga chapa mwenyewe. Kwa hilo moja namwamini.

Wifi yako